Siku Mimi na Wifi Tulipopwelewa

Kijiko ndicho kilichoniamsha. Kiliteleza juu ya meza ya jikoni polepole, kikikwaruza mbao, kikasimama kidogo, kikateleza tena, kisha kikaanguka sakafuni. Nje bado kulikuwa giza. Nikabaki nimelala, nikisikiliza. Baada ya kijiko kikafuata kikombe, na baada ya kikombe ikafuata sauti ya wifi yangu kutoka chumba cha mbele.

"Avril! Unafanya nini huko?"

"Nimelala, Glenys."

"Mtu aliyelala havunji vyombo."

"Si mimi. Ni boti."

"Boti imefanya nini?"

Nilikuwa ndiyo kwanza nagundua kwamba nimebanwa ukutani kama kitabu kwenye rafu, kwamba kitanda kizima kimeinama upande mmoja, na kwamba chupa yangu ya maji ya moto, iliyokwisha kupoa, imekuja kunilalia shingoni.

"Nadhani imelala upande," nikasema.

"Inalala upande! Saa kumi na moja alfajiri! Mimi nilisema. Nilisema au sikusema? Saa tatu napanda basi, Avril, na safari hii usinibembeleze."

Nikafumba macho. Jana usiku alisema hivyo hivyo, akapanga nguo zake kwenye begi, akaliweka begi karibu na mlango ili kila nikienda msalani nijikwae. Basi la saa tatu linapita juu ya daraja la kijiji cha Audmoor, hatua chache kutoka pale tulipofunga boti. Litampeleka stesheni, na treni itampeleka kwa binti yake Bronwen, na huko, alisema, atakaa mpaka afe, kwenye nyumba isiyotikisika.

Mimi nilijua vizuri nitakachopoteza. Kwa magoti yangu haya siwezi kuipeleka boti peke yangu hata maili moja. Glenys akiondoka, boti itauzwa, nami nitarudi kwenye ile fleti ambako nilikuwa nimeanza kuzungumza na friji.

Glenys ni dada wa marehemu mume wangu, Emlyn. Tumekuwa mawifi kwa zaidi ya miaka arobaini, na kwa miaka mingi kati ya hiyo tulivumiliana Krismasi tu. Emlyn alipokuwa hai alipenda kusimama kwenye madaraja ya mifereji akitazama boti zikipita chini yake, ndefu na nyembamba, mtu mmoja nyuma ameshika usukani na mbwa amekaa juu ya paa. "Siku moja, Avril," alikuwa akisema. Siku hiyo haikufika. Kisha Krismasi iliyopita Glenys akaweka uma wake chini katikati ya chakula akasema, "Tununue sisi." Na mimi, ambaye maishani mwangu sijawahi kuendesha hata baiskeli, nikasema haya.

Ndiyo tukampata Dorothea. Ni boti yenye urefu wa basi moja na nusu, na upana wake ni huu: Glenys akiwa jikoni, mimi sipiti. Tulikuwa katika wiki ya tatu majini. Katika wiki hizo tulikuwa tumegonga madaraja mawili na bustani moja. Tulikuwa tumekwama nusu siku mahali pamoja kwa sababu suruali ya jinzi ya mtu fulani ilijizungusha kwenye pangaboi la boti, na mimi nikalala kifudifudi, mkono wote ndani ya maji ya baridi, nikiivuta kipande kwa kipande, huku Glenys amesimama juu yangu akinishauri. "Vuta upande wa zipu," alisema. Nilikaribia kumvuta yeye.

Lakini lililotushinda hasa ni vizimba. Mfereji wetu hupanda vilima vya mkoa wa Staffordshire kwa ngazi, na kila ngazi ni kizimba cha matofali chenye malango mbele na nyuma. Unaingiza boti, unafunga malango nyuma yako, kisha kwa hendeli ya chuma ya kuzungusha unainua vifuniko vilivyo chini ya malango ya mbele, na maji yanaingia na kukupandisha. Ukishatoka unafunga tena, unashusha vifuniko, unakwenda zako. Kazi ni rahisi mpaka mvua inyeshe na wifi yako awe ndiye mwenye hendeli.

Hendeli ya kwanza aliitumbukiza majini siku ya pili. Ya pili niliifunga kwa kamba kwenye koti lake la mvua, kama watoto wanavyofungiwa glavu, naye akanununia mpaka wakati wa chai.

Siku iliyotangulia alfajiri ile tulifika kizimba cha Audmoor jioni, mvua inapiga. Mimi nilikuwa kwenye usukani, Glenys juu ukingoni, kofia imemfunika macho. Nilipokwisha kutoka kizimbani nikapiga honi ili aje haraka.

"Unampigia nani honi?" akapiga kelele. "Mimi ng'ombe?"

"Njoo, tunalowa!"

"Wewe umeshika mwavuli! Mimi ndiye ninayelowa!"

Alikuja. Tukapita karibu na boti tatu zilizofungwa ukingoni, na kwenye ya kwanza mlango ukafunguka, kichwa chenye mvi kikatoka.

"Punguzeni mwendo!" kichwa kikasema.

Hiyo ndiyo salamu ya mifereji. Ukipita mbio karibu na boti iliyofungwa, unaitikisa mpaka supu ya mwenyewe inamwagika. Lakini sisi tulikuwa tunakwenda mwendo wa bata mgonjwa.

"Tukipunguza zaidi tutarudi nyuma!" Glenys akamjibu.

Mlango ukafungwa kwa kishindo. Huyo alikuwa Bwana Ruddock. Tulikuwa tumeonywa habari zake tangu chini ya kilima, na kila mwenye boti aliyetuonya alicheka alipomtaja.

Sasa basi, alfajiri. Nilivaa mabuti ya mpira juu ya gauni la kulalia nikatambaa kupanda kuelekea mlangoni, maana sakafu ilikuwa imegeuka kilima. Begi la Glenys lilikuwa limeteleza mpaka chini ya jiko la makaa. Nikafungua mlango nikamulika tochi.

Hapakuwa na maji.

Palikuwa na tope, jeusi, linang'aa, na katikati yake kijito kidogo kama cha bomba lililovunjika. Palikuwa na troli ya supamaketi, na tairi, na bata wawili wamesimama wakitazamana. Dorothea alikuwa amekaa juu ya tope ameegemea upande mmoja, kama mtu aliyesinzia kanisani.

"Glenys," nikaita kwa upole. "Njoo uone."

Akaja, nywele zimesimama. Akatazama kwa muda mrefu.

"Mfereji uko wapi?"

"Umeondoka."

"Umeondoka kwenda wapi?"

"Chini ya kilima, nadhani. Tumepwelewa."

Kabla hajajibu tukasikia hatua njiani, na Bwana Ruddock akaja na taa, amevaa koti juu ya pajama. Suruali ya pajama ilikuwa imelowa mpaka magotini na ndara zake zilikuwa donge la tope. Nililiona hilo, sikulitilia maanani. Alikuwa anapiga kelele.

"Nani? Nani kati yenu? Kipande kizima cha mfereji! Kimekauka kabisa! Samaki wanatembea kwa miguu! Nani alikuwa na hendeli jana?"

"Usitupigie kelele," Glenys akasema. "Sisi ni wajane."

"Na mimi ni mjane, na nyumba yangu imeinama kama kiti chenye miguu miwili! Mtu ameacha kifuniko wazi kwenye kizimba cha chini! Malango yale ya nyuma yanavuja, kila mtu anajua yanavuja, ukiacha kifuniko juu usiku mmoja tu, maji yote yanakwenda!"

"Labda ni mtu mwingine aliyepita baada yetu."

"Hakupita hata chura, bibie!"

Glenys akanyanyua kidevu. Nimekijua kidevu kile kwa miaka mingi. Emlyn alikuwa nacho pia. Akachukua tochi mkononi mwangu, akavaa koti lake lenye hendeli inayoning'inia, akashuka ukingoni bila neno, akaenda kizimbani. Tukamsikia huko gizani akizungusha chuma. Kilio chake kilikuwa kirefu: kile cha kifuniko, si cha Glenys.

Aliporudi alisema tu, "Kimeshafungwa."

"Kilikuwa juu?" nikauliza.

"Vitu vya chuma huteleza vyenyewe wakati mwingine."

"Huteleza kwenda chini," Bwana Ruddock akasema. "Havijawahi kuteleza kwenda juu tangu dunia iumbwe."

"Sasa tunafanya nini?" nikauliza, maana nilimwona Glenys anavuta pumzi.

Wenye mamlaka ya mfereji, Bwana Ruddock alisema, wakipigiwa simu watafika mchana, wakiamka vizuri. Maji inabidi tuyalete wenyewe kutoka juu, kupitia kizimba kinachofuata, kidogo kidogo, la sivyo tutakausha na huko juu, na huko kuna watu wenye hasira kuliko yeye. Sikudhani inawezekana, lakini sikusema. Akachukua hendeli yake mwenyewe, akamwambia Glenys amfuate, na wakaenda, mmoja mbele mmoja nyuma, wakigombana kuhusu nani ashike taa.

Mimi nikabaki kutengeneza kifungua kinywa. Jaribuni siku moja kukaanga mayai kwenye boti iliyolala. Mayai yote yalikimbilia upande mmoja wa kikaango yakawa yai moja. Birika halikuweza kujaa zaidi ya nusu. Nilikata mkate nikiwa nimeegemea ukuta kwa bega, na chombo cha jamu nikakibana kati ya magoti. Nilikasirika na kijiko, na jiko, na Glenys, na Emlyn kwa kufa kabla ya kuona alichokuwa anakitamani kinafananaje.

Kulipopambazuka nikashuka kuangalia kamba zetu, maana Bwana Ruddock aliagiza kwamba maji yakianza kurudi lazima kamba ziwe huru.

Hapo ndipo niliposimama.

Fundo la Glenys nalijua. Yeye huzungusha kamba kwenye kigingi tena na tena mpaka kamba iishe, kama anafunga kifurushi cha kupeleka Australia. Halifunguki bila uma. Lakini kamba niliyoikuta upande wa omo, mbele, ilikuwa na fundo dogo, safi, la mzunguko mmoja na kitanzi, na kamba yenyewe ilikuwa imelegezwa sana, iliyobaki imekunjwa vizuri kwenye majani. Nikaenda upande wa tezi, nyuma. Vilevile. Nikaenda kwenye zile boti nyingine mbili ambazo wenyewe walikuwa mjini. Fundo lile lile, kamba zimelegezwa, zote zimekaa topeni bila shida.

Nikaenda kwenye boti ya Bwana Ruddock. Kamba zake zilikuwa zimekaza kama nyuzi za gita. Boti yake ilikuwa inaning'inia kwenye ukingo kama koti kwenye msumari, imeinama kuelekea katikati ya mfereji kiasi kwamba niliogopa kuiangalia. Kupitia dirishani niliona sahani zimevunjika sakafuni, na chupa kubwa ya vitunguu vya siki imepasuka, vitunguu vimesambaa kila mahali kama gololi.

Nikafikiria ile suruali ya pajama iliyolowa.

Mtu huyu aliamka gizani, akasikia maji yanaondoka. Na kabla ya kushika kamba yake akakimbilia zetu, kwa sababu ndani ya boti yetu walikuwamo watu wamelala. Kisha akazilegeza za boti tupu. Aliporudi kwake kamba zilikuwa zimeshakaza, hazifunguki tena, na maji yalikuwa yamekwisha kabla hajawahi kizimbani. Kisha akaja kutupigia kelele, na hilo hakulitaja.

Nilitaka kumwambia Glenys pale pale, lakini waliporudi walikuwa hawasemezani, na maji nayo yalikuwa yameanza kuja. Yalikuja taratibu, ya kahawia, yakizunguka ile troli. Bata wakapiga kelele za furaha. Dorothea akatoa mlio tumboni, akajinyoosha kidogo.

Lakini boti ya Bwana Ruddock haikujinyoosha. Maji yalipanda upande wake ulioinama, na yeye akaanza kukimbia huku na huku.

"Tundu la sinki," akasema. "Liko upande huo. Maji yakifika pale kabla haijasimama, yanaingia ndani."

Akaanza kuhamisha magunia ya makaa kuyapeleka upande wa ukingo ili boti irudi. Glenys akamsaidia. Sijawahi kumwona Glenys akibeba gunia, hata la viazi. Wakamaliza yote, na boti ikarudi kidogo tu. Bwana Ruddock akasimama, akamtazama wifi yangu kuanzia kichwani mpaka kwenye mabuti.

"Unaangalia nini?" Glenys akauliza.

"Bibie, naomba usichukie."

"Nimeshachukia. Sema."

"Ungekaa pale. Kwenye ukingo wa boti, upande huu."

"Unasema mimi mnene?"

"Nasema makaa yamekwisha."

Nilidhani atamsukumia majini. Badala yake akaifungua hendeli yake kutoka kwenye koti, akanikabidhi, akapanda, akajibwaga juu ya ukingo wa boti ya Bwana Ruddock, miguu ikining'inia upande wa njia, na boti nzima ikaguna, ikarudi nyuzi kadhaa. Bwana Ruddock akapiga makofi mara moja.

"Hapo hapo! Usisogee!"

"Kwa muda gani?"

"Mpaka nikuambie."

Nikamletea chai na kile kipande cha yai kwenye mkate. Akala amekaa pale na mwavuli juu, kama malkia anayeangalia gwaride la bata. Bwana Ruddock alikuwa amelala kifudifudi akijaribu kulegeza kamba kwa koleo, akitukana kwa sauti ya chini, kisha akituomba radhi, kisha akitukana.

Basi likaja wakati huo. Tulilisikia kabla ya kuliona, likibadilisha gia kupanda daraja. Likasimama pale juu, jekundu, taa zinawaka, mlango wazi.

Glenys akaweka kikombe chini. "Basi langu."

"Usisogee!" Bwana Ruddock akapiga kelele kutoka chini.

"Basi langu lile, bwana! Nimeshafunga begi!"

"Na hili ni tundu la sinki langu! Vidole viwili, maji yamebakiza vidole viwili!"

Glenys alinitazama. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika ile hendeli, na nakumbuka ilikuwa ya baridi sana. Angeweza kuruka. Ni ukingo mfupi, na dereva wa basi la kijiji humsubiri mtu akimwona anakimbia. Alinyoosha mguu mmoja, ukagusa majani. Boti ikatikisika. Akaurudisha.

"Huyo dereva naye," akasema kwa hasira, "anasimama hapo kufanya nini kama hakuna abiria?"

Mlango wa basi ukafungwa, basi likaondoka.

Muda si mrefu kamba ya tezi ikaachia, kisha ya omo. Boti ya Bwana Ruddock ikateleza, ikapiga maji kwa nguvu, ikayumba huku na huku, Glenys akashika paa kwa mikono miwili na kusema neno ambalo sitaliandika, maana wajukuu husoma. Kisha ikatulia, imenyooka, inaelea. Tundu la sinki lilikuwa limebakiza kidole kimoja.

"Naweza kushuka sasa?"

"Unaweza," Bwana Ruddock akasema. Akakaa chini njiani kwenye tope na ile pajama yake, akafuta uso.

Glenys akashuka, akaja kwangu, akasema kwa sauti ya chini, "Kuna jingine la saa saba mchana."

"Najua," nikasema. "Njoo kwanza nikuonyeshe kitu."

Nikampeleka kwenye kamba yetu ya omo. Akaangalia lile fundo. Akaangalia kigingi. Glenys si mwepesi wa kukubali jambo, lakini si mpumbavu.

"Hili si langu."

"Si lako."

"Wala si lako. Wewe hujui kufunga hata aproni."

"Nenda kaangalie na zile nyingine mbili."

Akaenda. Nilimwona akiinama kwenye kila kigingi, mkono kiunoni. Kisha akasimama mbele ya kamba za Bwana Ruddock, ambazo nyuzi zake zilikuwa zimekatika kwa kukaza. Akakaa pale muda mrefu zaidi. Nikamwona anamtazama yule mzee, aliyekuwa anafagia vitunguu na vigae vya sahani na kuvitoa mlangoni kwa kizoleo.

"Bwana Ruddock," akasema.

"Nini tena?"

"Kifuniko… niliki­acha juu mimi. Nilikuwa nimelowa, huyu ananipigia honi, nikafikiri nimeshusha vyote viwili. Nilishusha kimoja."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuona dirishani. Nikasema, huyu ameshusha kimoja. Kisha nikasema, hapana, hakuna mtu mjinga kiasi hicho, nikaenda kulala." Akamwaga vigae kwenye ndoo. "Kwa hiyo tuko wawili."

Nilitaka kucheka, nikajizuia, maana kidevu cha Glenys kilikuwa bado juu.

"Hizo sahani nitakulipa," akasema.

"Zilikuwa mbaya. Sikuwahi kuzipenda." Akaendelea kufagia. "Vitunguu ndivyo vinavyoniuma."

"Na kamba zetu? Mbona hukusema kwamba ni wewe uliyezilegeza?"

"Mlinipa nafasi ya kusema? Nimesikia tu wajane, wajane." Akaokota kitunguu, akakitupa ndooni. "Kila mwaka wanapita hapa watu wapya. Wanagombana kwenye kizimba kile pale, wanashindwa, vuli ikifika boti ina tangazo la kuuzwa dirishani. Sasa ukimwamsha mtu usiku kumwambia amekausha mfereji, anabaki?"

"Asubuhi lakini ulituambia," nikasema. "Kwa sauti."

"Asubuhi nilikuwa nimekasirika."

Glenys akachukua ufagio mkononi mwake kwa nguvu, kama anampokonya. "Unafagia vibaya," akasema. "Unavisukumia chini ya kiti. Niachie. Wewe kabadili hiyo pajama kabla hujapata homa. Halafu uje unionyeshe hilo fundo."

Alimwonyesha. Alimwonyesha mara nyingi sana, na kila mara Glenys alilikosea, na kila mara Bwana Ruddock alisema, "La, la, la, bibie, chini, si juu, chini!" na Glenys akasema kwamba mwalimu mzuri hapigi kelele, na Bwana Ruddock akasema mwanafunzi mzuri hasukumi kamba. Mimi niliosha vyombo kwenye sinki lililonyooka na kuwasikiliza. Saa saba basi likapita juu ya daraja. Glenys alikuwa amepiga magoti mbele ya kigingi, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Sijui kama alilisikia.

Alipoingia ndani, mikono michafu, uso mwekundu, nilikuwa nimeshalivuta lile begi kutoka chini ya jiko.

"Begi lako liko njiani," nikasema. "Nimejikwaa mara tatu."

"Basi litoe njiani."

"Nilipeleke wapi?"

Akafungua bomba, akanawa mikono, akanipa mgongo.

"Linapokaa siku zote, Avril. Maswali gani haya."

Nikalipeleka chumba cha mbele. Nilichukua muda kidogo kurudi, kwa sababu nilihitaji kupangusa macho, na ukiwa na wifi kama wangu huwezi kufanya jambo hilo mbele yake bila kuulizwa una mafua.

Tuliondoka alasiri, baada ya maji kutulia. Bwana Ruddock alitembea ukingoni mpaka kizimba cha juu, akisema anataka tu kunyoosha miguu. Glenys alifunga na kufungua kila kitu mwenyewe, na hakukubali kusaidiwa. Nilipotoka kizimbani sikupiga honi. Nilisubiri. Nilimwona akifunga lango, akashusha kifuniko kimoja, akashusha cha pili, akatingisha vyote viwili kwa mkono.

Bwana Ruddock akaja nyuma yake akavitingisha pia.

"Nimeshusha!" Glenys akasema.

"Nimeona."

"Sasa unaangalia nini?"

"Naangalia tu."

Glenys akapanda, akavua koti, akaja kusimama karibu nami nyuma. Nikaongeza moto kidogo, Dorothea akaanza kusogea. Hatujafika popote, ile sauti ikatufuata.

"Punguzeni mwendo!"

Glenys akageuka mzimamzima, mikono mdomoni. "Tukipunguza zaidi tutarudi nyuma!"

Safari hii hakuna mlango uliofungwa kwa kishindo. Alikuwa amesimama juu ya lango la kizimba, suruali safi, kofia mkononi, akitazama maji badala ya kututazama sisi.

"Mkishuka tena," akasema, na ilibidi nizime injini nimsikie vizuri, "mfunge hapa kwangu. Vitunguu nitakuwa nimetengeneza vingine. Mtapita, sivyo?"